Kwa Msajili wa Jumuiya: Ombi la Hereni kwa Watoto wa Bariadi

Kwa: Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, Dodoma
Yah: Mtoto wa Simiyu kupandishwa hadhi afikie ya ndama

Huduma ya watoto na vijana, kwa maana inayotumika Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, ni kikundi cha kiroho kinachowakusanya watoto nje ya ibada ya kawaida kwa ajili ya maombi, mafundisho, mikesha na uinjilisti. Huwa na jina lenye neno moto, jeshi au kizazi ndani yake, huwa na fulana za rangi moja, na huwa na kiongozi anayeitwa mtumishi. Si lazima iwe na choo.

Maana hiyo haigusi shule ya Jumapili, ambako mtoto huenda asubuhi na kurudi nyumbani kabla viazi havijapoa. Haigusi Utoto Mtakatifu wa Wakatoliki, ulioanzia Ufaransa mwaka 1843, wala Watafuta Njia wa Wasabato, wala madrasa ya jioni. Humo walimu wanajulikana kwa baba na mama, na mtoto akichelewa kurudi kuna mlango wa kwenda kugonga. Linalozungumzwa hapa ni huduma kali, ile ya turubai na jenereta, ambayo mtoto akiingia Ijumaa huonekana tena Jumatatu, sauti imekauka na macho yameingia ndani.

Majira yake hufuata pamba. Simiyu, mkoa uliomegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, ndio kitovu cha zao hilo nchini, na ununuzi hushika kasi kuanzia Mei. Juni shule hufungwa. Hapo baba ana fedha mfukoni, mtoto ana mwezi mzima wa likizo, na mtumishi amepata maono. Kukutana kwa mambo hayo matatu huitwa majira ya Bwana. Zamani kipindi hichohicho cha baada ya mavuno kilikuwa cha ngoma, Bagika upande huu na Bagalu upande ule, kila kundi na dawa yake ya kuvuta watu kutoka kwa mwenzake. Anayetafuta asili ya turubai mbili zinazotazamana ng'ambo ya barabara, kila moja ikiongeza sauti ya spika ili kumzima jirani, hana haja ya kwenda mbali.

Ratiba ya kambi huandikwa kwa maka kwenye karatasi ya manila. Huanza saa kumi alfajiri kwa maombi ya vita. Asubuhi ni neno, mchana ni kufunga, na saa tisa waliofunga kawaida hupewa uji, huku waliofunga kavu wakiendelea bila hata maji, katika jua la kiangazi cha Usukumani ambalo hata mbuzi hulikimbia na kujificha kivulini. Usiku ni mkesha. Kulala kumo kwenye ratiba, ila huandikwa chini kabisa, ambapo karatasi huwa imekwisha.

Kila mtoto huagizwa kuja na daftari. Daftari la kawaida la mwanafunzi wa darasa la tano lina ukurasa wa hisabati mwanzoni, kisha kichwa cha habari kilichopigiwa mstari mara mbili: Dhambi Zangu. Chini yake mna orodha. Nimesikiliza Bongo Fleva. Nimemjibu bibi. Nimecheka kwenye maombi. Hilo la tatu limefutwa, likaandikwa upya kwa mwandiko mzuri zaidi, kwa kuwa mtumishi hupita kukagua.

Mwenye kipaji hupandishwa daraja akawa mtoto mhubiri. Huyu ni mvulana wa miaka tisa, ingawa kwenye tangazo huwa na miaka saba, umri ukipunguzwa kama wa mchezaji wa timu ya vijana. Husimama juu ya kreti la soda. Mikono ya koti humfika kwenye ncha za vidole, hivyo maikrofoni huonekana kama imeota kwenye mkono wa koti lenyewe. Hukemea talaka, ugumba na madeni ya vyama vya ushirika (AMCOS), mambo matatu ambayo hajawahi kuyaona kwa karibu, na watu wazima humtupia noti miguuni. Noti hizo huitwa mbegu. Mavuno yake hutunzwa na mtumishi, maana mtoto hajui kutunza fedha.

Fundisho la usiku wa manane ndilo zito kuliko yote, na hapo mzaha hauna budi kukaa pembeni kwa aya moja. Watoto hufundishwa kwamba chanzo cha kufeli, cha kukojoa kitandani na cha umaskini wa nyumbani ni mtu wa ukoo, na kwamba aliyefunguliwa jicho la rohoni atamwona. Usukumani vikongwe wamekatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na ushahidi dhidi yao mara nyingi ulikuwa macho mekundu, yaliyoiva kwa miaka ya moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe jikoni. Mtoto anayerudi kutoka kambini Jumatatu na kusema mbele ya wajomba kwamba amemwona bibi yake usiku ametamka jambo la polisi, hata kama turubaini lilipigiwa vigelegele. Bibi huyo ndiye yuleyule aliyemkaushia michembe ya viazi ya kwenda nayo.

Sheria kuhusu mambo haya ipo, tena ni nzuri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, inampa haki ya chakula, elimu, mapumziko na kucheza, na inakataza kumwajiri kwa kazi za usiku, kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Mkesha huanza saa tatu usiku na kumalizika saa kumi alfajiri, lakini mkesha si ajira. Mtoto akibeba matofali usiku, mwenye matofali ana kesi. Akibeba dhambi za ukoo muda huohuo, amebarikiwa.

Wizara ya Elimu nayo ilitoa waraka mwaka 2023 kuzuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kwa hoja kwamba umri huo ni wa kulelewa na wazazi. Shule ziliamriwa kutii. Mtoto wa darasa la pili aliyekatazwa kulala kwenye kitanda cha bweni, chenye matroni na orodha ya majina, sasa analala kwenye mkeka chini ya turubai, hana matroni wala orodha. Simiyu yenyewe si mgeni wa kambi: kambi za kitaaluma za wanafunzi wa madarasa ya mitihani ziliutangaza mkoa huu nchi nzima. Lakini kule mwanafunzi aliitwa jina asubuhi, na asipoitika alitafutwa.

Katiba, ibara ya 19, inaiacha kazi ya kutangaza dini kuwa huru na ya hiari ya mtu, na inaziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi. Ibara hiyohiyo inasema uhuru huo hauondoi nguvu ya sheria zinazohusika. Watumishi wengi wameikariri sehemu ya kwanza. Neno hiari nalo lina mushkeli wake pale mwenye hiari ana miaka minane na jina lake limeandikishwa na shangazi.

Inafaa basi kutazama vitu ambavyo dola hukagua mkoani Simiyu. Pamba hukaguliwa isije ikawa imetiwa maji au mchanga ili kuongeza uzito. Spika zina kanuni za mwaka 2015 zilizopanga kiwango cha kelele cha mchana na cha usiku. Hakuna kanuni ya muda ambao mtoto anaruhusiwa kusimama mbele ya spika hiyo. Ng'ombe hatoki wilayani bila kibali cha kusafirisha mifugo, chenye idadi, atokako na aendako. Mnamo Juni 2025, mwezi wa likizo na wa kambi, kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo ilizinduliwa hapahapa Bariadi, na ndama wakaanza kuvishwa hereni zenye namba. Ndama wa Bariadi akipotea, kuna namba ya kumtafutia. Mtoto wa Bariadi akipakiwa nyuma ya Fuso kwenda kambi ya wilaya nyingine, kinachobaki nyumbani ni wimbo aliokuwa akiuimba.

Hoja kwamba ofisi ya Msajili haina uwezo haina mashiko. Juni hiyohiyo ofisi ilifuta usajili wa kanisa moja kubwa la Dar es Salaam, baada ya kiongozi wake kusema madhabahuni kuhusu watu wanaotekwa, na polisi walifika haraka kuliko nabii yeyote alivyotabiri. Meno yapo. Suala ni mahali yanapong'ata.

Majirani wameshalipa ada ya somo hili. Mhubiri Paul Mackenzie alifikishwa mahakamani Malindi, Kenya, mwaka 2017, kwa mashtaka yaliyohusu pia watoto kuondolewa shule kwa mafundisho yake. Aliendelea. Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, miili ikapita 400, na mwaka 2024 yeye na wenzake walishtakiwa kwa mauaji ya watoto 191, mashtaka waliyoyakana. Kwa maelezo ya waliokuwa waumini, katika mpango wa kufunga hadi kufa watoto walipangwa kutangulia. Nyumbani, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 wakiwamo watoto walikufa kwa kukanyagana katika uwanja wa Majengo, Moshi, wakiyakimbilia mafuta ya upako. Kambi za Bariadi si Shakahola, na kuzifananisha ni kuwaonea watumishi wengi wenye nia safi. Ila mwaka 2017 Malindi nayo haikuwa Shakahola.

Haki inadai na upande wa pili usemwe. Zipo huduma zilizomtoa kijana kwenye pombe ya kienyeji na kamari, zilizomfundisha kupiga kinanda, kusoma mbele ya watu na kuomba radhi. Kwaya za Usukumani zimelea waimbaji ambao hakuna chuo kingewapokea. Mzazi anayelima heka tano za pamba, mwenye watoto saba na likizo ya mwezi mzima, hawezi kulaumiwa akifurahia mahali pa kumpeleka mmoja wao bila ada. Huduma inayomrudisha mtoto amelala, amekula na bado anampenda bibi yake haina cha kuogopa kwenye daftari la mahudhurio.

Ofisi ya Msajili inaombwa mambo machache, na yote yameshajaribiwa kwa ng'ombe. Kambi ya watoto ipate kibali cha maandishi kinachotaja idadi, watokako na waendako, na nakala ibaki kwa mtendaji wa kata na afisa ustawi wa jamii. Aliye chini ya miaka 18 asifunge kavu wala kukesha. Asisimamishwe juu ya kreti kukusanya fedha. Anayemfundisha mtoto kutaja mchawi katika ukoo wake afutiwe usajili kwa kasi ileile iliyoonekana Juni 2025. Hereni yenyewe si lazima. Kitambulisho cha kuning'iniza shingoni kinatosha.

Mpaka hayo yatekelezwe, njia iliyopo ni Simu kwa Mtoto, namba 116, na kuipiga ni bure. Kambini simu hukusanywa siku ya kwanza na kuwekwa kwenye ndoo yenye mfuniko, chini ya meza ya mtumishi.