Barua ya wazi kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania

Ndugu Katibu Mtendaji,

YAH: PONGEZI KWA KUKILINDA KIINGEREZA DHIDI YA WANAOJUA KUKIFUNDISHA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu hapa Nyarugusu, Geita. Kiingereza changu kinaishia kwenye leseni ya uchimbaji, lakini mpwa wangu anakifundisha sekondari, na pongezi hizi zinamhusu yeye.

Mpwa wangu alimaliza shahada na GPA ya 3.7. Tangazo la kazi ya mkufunzi msaidizi chuo kikuu lilitaka 3.8 kati ya 5. Nikauliza hiyo 0.1 ilipotea wapi. Kumbe alipata C ya DS, yaani Stadi za Maendeleo, mwaka wa kwanza. Kwa hiyo Kiingereza cha taifa kimeokolewa na DS!

Huku kwetu anaendelea kuharibu utaratibu. Wanafunzi wa kidato cha pili huwaleta hadi kwenye uzio wa karasha langu, kila mmoja amweleze mwenzake kwa Kiingereza mawe yanavyosagwa na udongo unavyooshwa mwaloni. Anayekwama anasaidiwa na mwenzake, wanacheka, anarudia mpaka inanyooka. Vijana wangu wa karasha nao wameanza kuokota maneno. Mtu wa namna hiyo mngemwachia ukumbi wa chuo, si wanafunzi wangeanza kuongea?

Mwenye 3.8 anaingia. Akipata uzamili wenye 4.0 anakuwa mhadhiri msaidizi, akipata uzamivu, mhadhiri. Katika matangazo yote niliyosomewa sikusikia anapoulizwa kama amewahi kumfundisha mtu sentensi ikamkaa. Anaweza kuwa bingwa wa riwaya za Kiingereza za karne ya 19, akakabidhiwa kipaza sauti na mamia ya vijana wa somo la Stadi za Mawasiliano. Mbele yake ameketi mtoto wa Mwakitolyo, Shinyanga: nyumbani Kisukuma, shule ya msingi Kiswahili, kidato cha kwanza akageuziwa masomo karibu yote kwa Kiingereza, akavuka kwa kukariri. Huyo anatakiwa anyooke ndani ya muhula.

Si jambo jipya. Mwaka 1982 tume ya elimu ya Makwetta ilipendekeza sekondari zifundishe kwa Kiswahili, Serikali ikakataa. Mwaka 1984 Criper na Dodd, watafiti kutoka Uingereza, wakapima wanafunzi, wakakuta Kiingereza cha wengi hakitoshi kusomea, kisha wakashauri kiendelee kutumika. Machimboni pia wapo wanaokuta jiwe tupu wakaongeza mtaji. Wengi wao huniomba mimi mkopo mwingine.

Nasikia Cambridge wana cheti kiitwacho CELTA, cha saa 120 hivi. Ndani yake mwalimu lazima afundishe wanafunzi wa kweli kwa saa 6, mkaguzi ameketi nyuma. Nawasihi msikiige. Kwenye kumbi zetu mkaguzi atakosa kiti.

Badala yake, Tume ya Madini ndiyo iwaige ninyi. Soko la dhahabu la Geita, lililofunguliwa 2019, lina usumbufu mkubwa: kila ukileta mzigo unapimwa upya, mbele yako, hata kama jana ulileta safi. Kwa mfumo wenu, aliyewahi kupata gramu 3.8 apewe cheti, na kila atakacholeta tangu hapo kihesabiwe dhahabu, mchanga ukiwemo. Mwenye gramu 3.7 arudi nyumbani na dhahabu yake.

Mpwa wangu nilimshauri arudie DS. Amesema hairudiwi ukishahitimu. Basi niulize tu, kwa nia njema: hiyo 0.1 ya GPA ina uzito wa gramu ngapi? Mzani ninao.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwenye karasha,
Nyarugusu, Geita.

Nakala: Tume ya Madini, kwa taarifa na utekelezaji.