Mkuki wa Baba Mkwe

Eldoret ni jiji lenye kiwanda cha serikali cha kutengeneza risasi, lakini ukitaka mtu wa kukutengenezea mkuki utazunguka mpaka soli zilalamike. Risasi haina shida na mtu: ikishatoka, imetoka. Mkuki hurithiwa, na huu ulikuwa wa baba yake baba mkwe wangu, mzee wa Kapsabet asiyependa maneno mengi. Aliniagiza hivi: "Toa kutu. Mti unacheza, ukaze. Basi."

Kwenye matatu ya kwenda Eldoret, makanga alinitoza nauli ya watu wawili. Penye kizuizi cha polisi, afande alichungulia dirishani akauliza ni nani mwenye silaha. Matatu nzima ilininyooshea vidole, pamoja na mtoto niliyekuwa nimempa biskuti. Afande akapima makali kwa kidole gumba, akasonya, akatuachilia. Sijawahi kudharauliwa hivyo na serikali.

Mjini nilipita dukani kununua mafuta ya taa. Bawabu alizungusha kile kifaa chake juu ya mkuki, kikalia, akaniuliza kama nina simu mfukoni.

Kutu yenyewe haina maajabu. Unaloweka chuma katika mafuta ya taa usiku kucha, unasugua taratibu kwa waya wa sufuria, unapangusa, unapaka mafuta. Wanaokusanya bunduki za zamani watakwambia vivyo hivyo, tena watakuonya: ukisugua mpaka chuma kiwe cheupe, umefuta umri wake na umeshusha bei. Hapa kwetu, ole wake kitu kitoke kwa fundi kikiwa bado kinafanana na kilivyoingia. Mwenyewe ataona ameibiwa.

Kwa kuwa mti ulikuwa unacheza, niliupeleka kwa fundi wa vitanda kandokando ya barabara, nikamweleza kama nilivyoelezwa. Katikati ya mti palikuwa na kibonde cheusi, laini, kilichochimbwa na viganja vya watu wawili kwa miaka mingi. Ukiushika, kidole kinajiendea chenyewe mahali pake. "Hapo pasiguswe," nikasema. "Bosi, wewe tulia," akasema.

Niliporudi, kibonde kilikuwa kimejazwa pati. Mti umepigwa vanishi ya mahogani mpaka unateleza, na ubapa umepakwa silva ileile ya mageti. Fundi alikuwa ameuegemeza kwenye kitanda cha futi tano kwa sita, na mteja mmoja alikuwa anauliza kama vinauzwa pamoja.

Fimbo za Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyeuawa na afisa Mwingereza Meinertzhagen mwaka 1905, zilirudi Kenya kutoka Uingereza mwaka 2006, na sijasikia mtu aliyependekeza zipigwe vanishi. Nilimtajia fundi habari hiyo. Akaniuliza hizo fimbo ziko wapi, atazifanyia bei nzuri.

Baba mkwe aliupokea kwa mikono miwili, kama desturi, akaugeuza upande huu na ule. Mama mkwe alisema umependeza sana. Mzee akaniuliza:

"Huu ni wa nani?"

"Ni wenu, Baba."

Akanyanyuka, akauchomeka nyuma ya zizi, penye mvua na mavi ya ng'ombe, akarudi kwenye chai yake.

"Ukifika wa kwangu," akasema, "nitakupigia simu."