Theluji, Mgawa Viwanja

Wanaoitukana theluji hawajawahi kupewa ardhi nayo. Hapa Boston, ambako kodi ya chumba humeza mshahara kabla haujapoa, ni theluji peke yake inayogawa viwanja bila kumuuliza mtu ametoka wapi na ana kitambulisho gani. Masharti yake ni mepesi: uamke alfajiri, ulitafute gari lako chini ya tuta jeupe, uombe Mungu lisiwe la jirani, kisha ulifukue kwa beleshi. Ukimaliza unaweka kiti kibovu pale lilipokuwa na kwenda zako kazini. Kiti hicho ndicho hati. Hakuna mpima, hakuna mhuri, hakuna "njoo kesho".

Barabara ni ya umma, kila mtu anajua. Lakini nimeona ubao wa kupigia pasi ukilinda eneo mchana kutwa, magari yakiupita kwa adabu. Anayethubutu kuusogeza huamka akakuta matairi hayana upepo, na mtaa mzima hakuna aliyeona kitu. Jiji lenyewe huitambua milki hiyo kwa saa 48 baada ya kutangaza kuwa dharura ya theluji imekwisha. Baada ya hapo, gari la taka huruhusiwa kuzoa viti. Wakazi wa mtaa wa South End waliikataa desturi hii mwaka 2015, wakisema barabara ni ya wote. Waungwana kweli. Sijui wao humfukulia nani.

Majira hayo ya 2014–15 ukarimu ulipita kiasi: sentimita 281, treni zikasimama, na theluji iliyozolewa ikarundikwa mtaa wa Seaport mpaka ikawa mlima, takataka tumboni, uliogoma kwisha hadi tarehe 14 Julai. Theluji kudumu kwenye joto iliwahi kubishiwa: mmisionari Johannes Rebmann aliposema ameiona Kilimanjaro mwaka 1848, mwanajiografia wa London, William Desborough Cooley, alimpinga akiwa kitini kwake. Bwana yule alihitaji beleshi tu.

Nakiri theluji, mfadhili wangu, ina visirani. Ukishamaliza kufukua, greda la jiji hupita likakurudishia yote, safari hii ikiwa imeshindiliwa. Chumvi inayomwagwa barabarani huila bodi ya gari hilohilo unalolihangaikia. Hata hivyo, usiku inapoanguka mbichi, hewa iliyonaswa kati ya chembe zake hufyonza makelele ya mji, na mimi, niliyeilaani tangu Desemba, husimama dirishani nikiitazama kama mtu aliyesamehe deni. Asubuhi deni hurudi na riba.

Mama hupiga simu kutoka Tanga kuuliza nitanunua kiwanja lini, wenzangu wote wameshajenga. Humjibu kwamba ninacho, mama: mita tano kwa mbili, karibu na kituo cha basi, majirani wazuri, ila hati yake inaisha kesho kutwa asubuhi.