Mjomba Kifungu Anajibu: Bodi Haikopeshi Machozi

"Shikamoo Mjomba Kifungu. Nimemaliza shahada ya sheria na nataka kwenda Law School, ila ada sina. Kwenye shahada ya kwanza niliomba mkopo nikakosa, wakati kwetu hali ni ngumu na kila mtu anaona. Je, niombe tena au niache? Ni mimi mpwa wako niliyekwama, Morogoro."

Marahaba, mpwa wangu. Barua yako ni fupi na nakushukuru, maana imeniachia nafasi mimi. Watu hawanunui gazeti kusoma shida zenu. Shida wanazo nyumbani, tena bure. Wanafuata majibu, na majibu ni huyu hapa mwenye picha juu ya safu, picha ambayo mhariri ameipunguza tena wiki hii kwa wivu usiofichika. Nitaanza na hukumu, sababu zifuate nyuma, kama afanyavyo jaji mwenye njaa: omba. Lakini usiombe kama ulivyoomba mwanzo, kwa sababu kosa lako umeliandika mwenyewe kwa maneno matatu: "kila mtu anaona". Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu si mtu, mpwa. Ni chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, kikaanza kazi Julai 2005, na tangu hapo hakijawahi kupita kwenu jioni kuchungulia sufuria. Umaskini unaoonekana na majirani haukiingizi hasara wala faida. Kinachokopeshwa pale ni umaskini wenye karatasi.

Tazama ushahidi, na ukae vizuri maana Mjomba akianza ushahidi hata mahakimu huzima feni ili wasikie. Dirisha la maombi likifunguliwa unaingia kwenye mfumo uitwao OLAMS kwa namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, unalipa shilingi 30,000 ambazo hazirudi hata ukikosa, kisha maswali yanaanza. Umezaliwa lini? Mdomo hautakiwi, kinatakiwa cheti kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na kwa aliyezaliwa Zanzibar, kihakikiwe na wakala wa usajili wa huko. Baba amefariki? Pole sana, lete cheti cha kifo, nacho kihakikiwe. Kaya yenu iko kwenye mpango wa kaya maskini wa TASAF? Taja namba ya kaya. Una ulemavu? Fomu isainiwe na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa. Ulisoma sekondari ya kulipia kwa fadhila za mfadhili? Barua ya mfadhili iko wapi? Hapa ndipo wengi wanapoangukia pua. Mtoto wa mama ntilie aliyesomeshwa na masista anatokea kwenye mfumo kama mtoto wa mwenye mabasi, kwa sababu ada ya shule inasomeka na huruma ya masista haisomeki. Katika fomu nzima hamna kisanduku cha kuandika unavyojisikia.

Nawe, kumbuka, ni mhitimu wa sheria. Ulikikariri kile kifungu cha 110 cha Sheria ya Ushahidi, kwamba anayedai jambo ndiye mwenye mzigo wa kulithibitisha. Ulikutana nacho kwenye mtihani ukakijibu, ukapata alama, na sasa unapokwenda kuomba fedha zako mwenyewe unakiacha darasani. Ndiyo maana nasema fomu ya mkopo ni jalada la kesi ya kwanza utakayoiendesha maishani: mdai ni wewe, shahidi ni shangazi yako, vielelezo viko kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati, na hakimu ni kompyuta. Hoja hii ni yangu. Ukiisikia kwa mwanasheria mwingine yeyote, mwambie alipe.

Tiba, basi. Itisha Mahakama ya Ukoo Jumapili baada ya chakula. Bibi akae katikati awe jaji mkuu, baba mdogo awe karani, wewe usimame mbele yao na kila cheti ulichonacho ukisome kwa sauti, herufi kwa herufi. Utashangaa. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis, cha kidato cha nne Hamisi, cha chuo kimemeza jina la kati. Kwa bibi hao wote ni mtoto mmoja aliyekataa uji. Kwa mfumo hao ni watu watatu, na hakuna hata mmoja wao anayestahili mkopo. Jaji mkuu ahojiwe maswali ya kudodosa kuhusu mwaka uliozaliwa, na akisema "ulizaliwa mvua ikinyesha" aonywe kwa heshima kwamba hilo halitoshi. Mkimaliza kucheka, nenda ukatengeneze hati kiapo au hati ya kurekebisha majina, na ufanye hivyo kabla dirisha halijafunguliwa, kwa kuwa likishafunguliwa nchi nzima huwa imekumbuka siku hiyo hiyo kwamba nayo ina majina. Baada ya hapo mtafute mdhamini. Mdhamini ni yule mjomba anayetamba kwenye kila harusi kwamba nyinyi ni watoto wake, na ambaye akiombwa kitambulisho na saini hupata safari ya ghafla ya Kahama. Mkamate angali anakula.

Lakini kilele cha utamu ni ukurasa wa saini. Fomu iliyochapwa inataka saini yako, ya mdhamini, ya kiongozi wa serikali ya mtaa, halafu ya hakimu au kamishna wa viapo. Kamishna wa viapo, kwa lugha ya mtaani, ni wakili mwenye ofisi jirani na steshenari. Yaani safari ya kuwa wakili inaanza kwa kumlipa wakili! Mwangalie vizuri akiwa kazini: anauliza jina, anapuliza muhuri upate unyevu, anaugonga nusu juu ya picha yako na nusu juu ya karatasi, anachukua chake, anamwita anayefuata. Hayo ni mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, na umeyapata kabla hujadahiliwa. Ukitoka hapo usiupige ukurasa picha kwa simu chini ya taa ya chumbani ukaingia mfumoni na kivuli cha kichwa chako na pembe ya godoro. Mpe kijana wa steshenari auskani unyooke. Kielelezo kisichosomeka hakijawahi kumshindia mtu kesi.

Najua watakaonipinga, maana mtu wa kiwango changu hapingwi na wachache. Watasema: Mjomba, unaongea kama karani, aliye maskini zaidi ndiye asiye na karatasi, na mtindo huu unawapa waliojipanga na kuwaacha waliochoka. Pingamizi hilo ni zito na silikwepi. Ni kweli kwamba kijana aliyezaliwa nyumbani, mbali na ofisi ya wilaya, analipa nauli na muda kupata kile ambacho wa mjini alikabidhiwa na hospitali, na kila karatasi ya ziada ni ngazi ya ziada kwa mwenye mguu mbovu. Hiyo ni sababu ya kudai usajili wa vizazi uwe wa bure na wa karibu. Haiwi sababu ya wewe, mwenye shahada ya sheria na sauti ya kutosha kuandikia gazeti, kutopanga vyeti vyako. Ondoa karatasi, na Bodi itabaki kuamua kwa macho na kwa kujuana. Hapo tuambiane ukweli, ni mtoto wa nani angeonekana kwanza? Dhiki isiyo na mjomba wizarani inalindwa na karatasi kuliko inavyolindwa na huruma. Andikeni sentensi hiyo ukutani, jina langu chini, herufi kubwa.

Wako pia watakaokunong'oneza kwamba vyeti vinanunuliwa, yupo kijana wa kumalizana naye. Mpwa, taaluma unayoiendea ina jina lake kwa watu wa namna hiyo: vishoka. Wakili kishoka ni yule anayegonga muhuri asio na haki nao. Kuomba kuapishwa uwakili, ambako sifa njema ya mtu ni sharti, huku nyuma yako kuna cheti cha kifo cha baba anayecheza bao barazani, ni mzaha ambao hata mimi nisingeuandika.

Pingamizi la tatu ni la waoga, nalo lina takwimu. Law School, yaani Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007 na ambayo huwezi kuwa wakili Tanzania Bara bila kupitia mlango wake, isipokuwa uwe na msamaha maalumu, ilitikisa nchi mwaka 2022. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walipewa sup, yaani mtihani wa marudio, na 265 wakadisco, yaani wakaondolewa masomoni. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, na mtaani kila aliyewahi kumuona wakili kwenye televisheni akawa na maoni. Sasa waoga wanauliza: ukope ya nini kuingia mahali pa namna hiyo? Mimi takwimu hizo nazisoma upande wa pili. Shule ambako sup ni jambo la kawaida haifai kusomwa na mtu anayeshinda akitafuta nauli ya kesho. Ada imekuwa ikizidi shilingi milioni 1.5, na hiyo ni ada tu. Bado chumba, bado chakula cha Dar es Salaam, bado suti nyeusi isiyong'aa magotini. Ukienda na nusu ya ada na dua, utasoma mchana na kubangaiza usiku, na mtihani hautauliza ulilala saa ngapi. Hata hivyo sitakudanganya: ukidisco, deni halidisco nawe.

Na deni lenyewe lina meno. Tangu sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi badala ya 8 za zamani. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikiufanya unenepe kila mwaka, ilifutwa mwaka 2021, na wadaiwa wakapumua. Ila wewe unaenda kuwa wakili, na wakili mchanga mara nyingi hana mshahara. Ana kiti kwenye ofisi ya mwenzake na matumaini. Aliyejiajiri anatakiwa arejeshe asilimia 10 ya kipato chake, isipungue shilingi 100,000 kwa mwezi, iwe mteja amelipa au amekuletea kuku. Kwa hiyo piga hesabu zako ukitumia mwezi mbaya, na usikope kwa ajili ya simu. Wanaosema mawakili wote ni matajiri hawajawahi kuwasubiri kwenye korido za mahakama wakihesabu nauli. Mimi ni tajiri, ndiyo, lakini utajiri wangu ni wa busara, na hautozwi kodi.

Nilitaka sasa kueleza kitabu changu kijacho, juzuu ya kwanza kati ya saba, lakini mhariri anatuma ujumbe kwamba chini hapa pameuzwa kwa tangazo la sabuni. Haraka, basi. Mwongozo wa mikopo wa Law School usichanganye na ule wa shahada ya kwanza. Utafute wa mwaka huu kwenye tovuti ya Bodi yenyewe, usomwe wote, si kichwa cha habari. Vyeti RITA sasa hivi. Mdhamini mwenye kitambulisho. Picha ya karibuni, bila kofia ya mahafali. Nakili kila unachopakia. Majina hutoka kwa awamu, usizimie kwenye ya kwanza. Ukikosa kuna dirisha la rufaa, na mwanasheria anayeogopa rufaa arudi kwao akalime ufuta. Nawe uliyeniandikia kutoka Singida ukiuliza kama unaweza kumshtaki jirani ambaye jogoo wake anawika saa nane za usiku: unaweza. Lete jogoo, lete saa, na saa ihakikiwe.