Sifa za Waya Uliolegea

Watu hupenda kusifu vitu vinavyofanya kazi. Huo ni uvivu, maana kitu kizima kimekwisha kujisifu chenyewe. Mimi leo namtetea asiye na mtetezi: waya wa iafoni uliokatikia ndani, pale chini karibu na pini, mara unashika, mara haushiki.

Mtazame kijana anayeutumia ndani ya daladala ya Mbagala. Ameubana kwa kidole gumba, ameupinda kidogo kushoto, amezungusha pini mpaka muziki umerudi, kisha katulia tuli, shingo imesimama kama ya askari wa gwaride. Fimbo za shule zote alizopita hazikumpa adabu hiyo. Konda anagonga sarafu kudai nauli, kijana anajibu kwa nyusi. Simu ni ya bei mbaya, lakini mwenye kauli ya mwisho ni uzi wa shaba usioonekana vizuri bila miwani.

Waya huu una karama nyingine, ambayo wengi wameisikia bila kushukuru. Ukiachia ule uzi wa pamoja, unaorudisha umeme kutoka masikio yote mawili, kulia na kushoto huanza kufutana. Kilicho sawa pande zote mbili kinapotea, na sauti ya mwimbaji kwa kawaida hurekodiwa sawa pande zote. Basi mwimbaji anatoweka, unabaki na magitaa na mwangwi. Wapo waimbaji ambao huduma hii ingefaa itolewe bure kwa wananchi wote.

Adui wa neema hizi ni fundi. Amekaa Kariakoo kwenye kiti cha plastiki, pasi ya kuchomea imeshapata moto, na anakikata kipande kibovu bila hata kukiaga. Akichuna plastiki zinatoka nyuzi nyekundu, za kijani, za shaba. Rangi hizo ni vanishi: hazipitishi umeme wala hazikubali risasi mpaka ziunguzwe. Fundi wa haraka haziunguzi. Anadondosha tone juu yake, tone linaganda duara, limefifia, limekaa tu bila kushika. Huyo ndiye fundi wangu: anachukua hela na kunirudishia ugonjwa wangu mzima mzima.

Wa kuogopwa ni yule mwenye subira. Anaunguza vanishi, anapasha uzi wenyewe, ndipo anagusisha risasi. Ile ya kawaida, iliyochanganywa na bati, huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 183 tu, nayo inatambaa ndani ya shaba ikimeremeta. Muziki unarudi masikio yote mawili, na mwimbaji naye, bahati mbaya.

Bahati nzuri fundi huyo hupenda kumalizia kwa gundi ya moto, eti kuimarisha. Gundi ikipoa na kuganda, waya haupindi tena pale alipotengeneza. Kupinda kote kunahamia pale gundi inapoishia, sentimita mbili juu, na shaba ya hapo ndiyo kwanza inaanza kuchoka.