Kwa Mheshimiwa Mkubwa wa Barabara: kuhusu beringi zangu saba

Bukavu, katikati ya mvua

Mheshimiwa,

Uniwie radhi, barua hii haina jina lako wala anwani. Mji ulibadili wakubwa Februari 2025, nami nimeulizia mlango wa kugonga mpaka nimechoka. Basi naandika kwa yeyote ambaye leo ameshika muhuri wa barabara na kijitabu cha risiti za peyaji, yaani ushuru wa barabara. Wakubwa huja na kuondoka. Shimo la kwetu Panzi halijawahi kuhamishwa kikazi.

Nina gari. Au nina mtumbwi, nitaeleza. Ni kile kigari cha magurudumu 6, kisicho na milango, mwili wake wa plastiki kama beseni la kufulia, ambacho Wakanada walianza kukitengeneza miaka ya 1960 kwa ajili ya watu wa vinamasi na mawindo. Nchi kavu kinatembea, majini kinaelea, na matairi yenyewe ndiyo makasia. Usukani wa kukunja magurudumu hakina: unafunga breki upande mmoja, upande wa pili unakizungusha. Shirika moja lilipofunga ofisi hapa lilikipiga mnada, nikakichukua kwa bei ya pikipiki mbili. Majirani walicheka. Mke wangu hakucheka, na hilo ndilo lililonitisha.

Mvua za Septemba zilipoanza, majirani walewale wakawa wanaulizia saa ngapi natoka.

Nilipokwenda kukiandikisha, ofisi ya kwanza ilikitazama ikasema: hiki ni chombo cha majini, nenda kando ya ziwa. Wa kando ya ziwa wakahesabu magurudumu, wakasema: hili ni gari, rudi ulikotoka. Nikafurahi moyoni, nikidhani mtoto aliyekanwa na baba wote wawili hadaiwi na yeyote. Kumbe walinikana kwenye huduma tu. Kwenye malipo nilikuwa mtoto wa wote, na nina karatasi mbili zenye mihuri za kuthibitisha ukoo huo.

Sasa nifike kwenye shida yenyewe. Kila gurudumu la kigari hiki lina ekseli yake, na kila ekseli inashikwa na beringi mbili, moja ndani, moja nje karibu na tairi. Mafundi wetu wanaziita kwa Kifaransa, roulement. Magurudumu 6, beringi 12. Tangu Septemba zimekufa saba.

Mimi nililaumu ziwa. Nani asingelilaumu? Nilikuwa nimekata ghuba mara kadhaa kutoka Nguba, watu wamesimama ufukweni wanapiga makofi. Nikampelekea fundi wangu wa Kadutu ile beringi ya kwanza, nikamwambia maji ya Kivu yameila. Hakunijibu. Aliitumbukiza kwenye bakuli la petroli iliyonunuliwa kwa kadafi, muuza petroli wa pale kona, akaikoroga kwa bisibisi. Grisi iliyotoka ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Akatoa goroli moja, akaisugua kwenye shati, akaniwekea kiganjani: imejaa vishimo, kama uso wa mtu aliyepona ndui. Kisha akachota kile kilichotua chini ya bakuli, akakisaga kati ya vidole viwili karibu na sikio langu.

“Sikia, muzee. Ziwa haiko na mchanga ya namna hii. Hii ni ya barabara.”

Ikasagika kama msasa. Ziwa Kivu linajulikana kwa kutokuwa na mamba. Kwa ushahidi wa bakuli lile naongeza: halijaua beringi yangu hata moja. Zote saba zilifia kwenye barabara yako, Mheshimiwa, ile ninayoilipia.

Kutafuta beringi mpya ni kazi ya mtu asiye na kazi nyingine. Muuzaji wa vipuri huuliza swali moja tu: gari gani? Nikimwambia ni la kuogelea, anauliza kama ni Toyota. Nikisema hapana, anasema basi tutaweka ya Toyota, tutapiga nyundo. Nimejifunza kutotaja gari. Natoa mfukoni beringi iliyokufa, naisomea namba kwenye ukingo wake: 6206. Namba hiyo haina uchawi. Zichukue tarakimu mbili za mwisho, zidisha kwa 5, unapata tundu la katikati, milimita 30. Kwa nje ni 62, unene 16. Pacha wake 6205 ana 25 kwa 52 kwa 15, na ukiwaona wametengana juu ya meza unaweza kuapa ni mmoja.

Balaa liko baada ya namba, kwenye herufi. Zikiandikwa 2RS, beringi imefunikwa kwa mipira pande zote mbili. Zikiandikwa ZZ, imefunikwa kwa bati. Bati huzuia vumbi. Maji huyapigia saluti yapite. Lakini bati linang'aa, na wauzaji wetu wanapenda kinachong'aa. Mmoja aliniuliza bila aibu: “Iko ya Dubai na iko ya orijinali. Unatafuta ya kutembea ao ya kuuzisha gari?” Nikachukua ya kutembea, bei mara tatu, na jina la Kijapani ubavuni. Fundi akalowesha kidole gumba kwenye petroli, akakipitisha juu ya lile jina. Ujapani wote ukabaki kidoleni.

Na hapa ndipo ninapokuhitaji wewe. Beringi haichaguliwi kwa namba peke yake. Huchaguliwa kwa kujua itafanya kazi wapi. Kwenye vumbi? Kwenye maji? Fundi ameniuliza nami sina jibu, kwa kuwa jibu liko ofisini kwako. Kile kitu kilicho mbele ya nyumba yangu ni nini kisheria? Risiti zako zinasema barabara. Macho yangu na magoti yangu yanasema vingine. Ukitangaza kwamba ni ziwa sitabisha, ila nirudishiwe peyaji yangu, na mje mpande samaki. Sambaza waliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazoea, wakazaana. Sioni kwa nini wasizoee Panzi.

Usiniambie haya ni mapya. Mwaka 1915 Waingereza waliziburuta mashua mbili, Mimi na Toutou, kupitia Katanga, kwa reli, kwa matrekta na kwa ng'ombe, wakazivusha milima ya Mitumba hadi Tanganyika, na tarehe 26 Desemba zikaiteka meli ya Wajerumani iliyoitwa Kingani. Ilikuwa zamu ya mashua kupita nchi kavu. Miaka 110 baadaye ni zamu ya magari kupita majini, tofauti ni kwamba wale walijua wanakwenda vitani. Na kwa miaka mingi mtu wa Bukavu mwenye haraka ya kufika Uvira alivuka mto Ruzizi, akafuata lami ya Rwanda hadi Bugarama, kisha akaingia tena kwao kupitia Kamanyola. Yaani kutoka sebuleni kwako kwenda jikoni kwako, unapita kwa jirani na unagongewa pasi.

Nisikuonee. Kuna peyaji moja mjini hapa inayofanya kazi. Ni ya watoto. Wanajaza shimo kwa mawe na udongo, wananyoosha kamba njiani, natoa franka 500, kamba inashuka. Usiku mvua inaufagia ule udongo wote, lakini mimi niliuona, niliukanyaga. Mkubwa wao hajafika miaka 12. Ukiwa na nafasi wazi ofisini kwako, naweza kuwaleta, wana koleo lao wenyewe.

Beringi ya nane imeanza kuimba jana jioni, gurudumu la nyuma upande wa kulia. Fundi anakadiria itafika Jumamosi. Kama bado kuna kitu kwenye kapu la peyaji, Mheshimiwa, sikuombi lami, najua kiasi cha kuomba. Nitumie beringi moja, namba 6206, yenye mipira pande zote mbili. Tafadhali, usinitumie ya bati.

Mlipaji wako wa nchi kavu na wa majini,
Panzi, Bukavu