Yah: Shukrani kwa Mafunzo, na Ombi Dogo

Nyakunguru, Tarime.

Kwa Baba Mtume na Baraza la Wazee,

Bwana asifiwe! Najua ni mwiko kumwitikia mtu aliyetengwa, kwa hiyo nimejiitikia mwenyewe: Amina.

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Tangu nitoke kanisani kwenu, ng'ombe wangu hawajafa, na mahindi ambayo Baba alitabiri yatakaukia shambani yamekomaa. Samahani kwa usumbufu. Kichaa nilichoahidiwa bado nakisubiri.

Mmenifunza mengi. Sikujua kwamba Mkurya mzima, mwenye mji wake na mahari ameshalipa, anaweza kupanga foleni kuomba kibali cha kwenda msibani kwa shangazi yake, akanyimwa, kisha akashukuru. Kibali cha kupanda mtama. Kibali cha kuuza ndama. Kichuri, kitoweo chetu Wakurya, ndicho kilichokatazwa kabisa (jamani, nyongo ya mbuzi ina dhambi gani?). Wala hakuna aliyetufunga kamba. Tulichungana wenyewe, kila mtu akimchongea jirani yake kwa wazee.

Redio nayo mlitukataza, na sasa naona kwa nini. Ingetusimulia ya Kanungu, Uganda: waumini waliuza mali wakawakabidhi viongozi, mwaka 2000 ukaingia dunia ikiwa palepale, wakaanza kudai chao, tarehe 17 Machi wakateketea kanisani. Ingetusimulia ya Shakahola, Kenya, kwa mhubiri Mackenzie, aliyehubiri kwamba shule na hospitali ni za shetani, hadi msituni ikafukuliwa miili zaidi ya 400, ya watoto ikiwemo. Hata ya Opapo, Rongo, hapo tu ukivuka Sirari na kuipita Migori, ambako polisi waliwatoa watu 57 kanisani Aprili 2025.

Mimi nilipouliza kwa nini mtoto mwenye degedege asipelekwe zahanati, mlisema nina roho ya maswali. Ninayo kweli, na sitaki iombewe.

Sasa ombi. Ng'ombe niliowatoa sadaka, kaeni nao, kuleni nyama. Lakini kadi za kliniki za watoto mlizokusanya na kuzifungia sandukuni, warudishieni mama zao wiki hii. Kuna watoto hawajachanjwa.

Ni mimi, Mwasi.

Nakala: Afisa Mtendaji wa Kijiji, Mganga wa Zahanati.